Hereni za Mgeni wa Almaty

"Bibi, kwa nini ulimrudishia yule mama hereni zake?" nilimuuliza bibi yangu, Torgyn, nilipokuwa darasa la pili. Akaniambia nikaoshe vikombe.

Yule mama aliitwa Kulyash. Alitoka Almaty kuja Aktau kumvisha hereni shangazi Akmaral, na kwetu hereni zikishaingia masikioni, msichana ameshachumbiwa. Shangazi alimpenda sana kijana wa mama huyo. Kwa hiyo bibi aliamkia jikoni kuchemsha nyama ya farasi, kisha akapiga simu hotelini kusema gari litamfuata mgeni.

"Gari la nini, mkwe?" Kulyash akacheka. "Kijimji chenyewe hiki, nitakimaliza kwa miguu kabla chai haijachemka."

Akatoka na viatu vyeupe na kofia pana kama sinia, akapita ufukweni akisonya. Bahari ya Kaspi aliiona bwawa. Jua likamkera, kana kwamba bibi ndiye aliyeliwasha. Mnara wa taa uliosimama juu ya ghorofa za watu akaupiga picha, awachekeshe mashoga zake. Tena mji gani usio na majina ya barabara? Kwetu anwani ya nyumba ni namba tatu tu: ya mtaa, ya jengo, ya mlango. Yeye akashika jengo na mlango, mtaa akaona ni mbwembwe za washamba.

Basi akabisha mtaa wa tisa badala ya wa saba. Akafungua mzee mjane, na kwa kuwa mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, mzee akamkalisha mahali pa heshima, akammiminia chai, akampashia nyama yote aliyokuwa nayo. Kulyash akala huku akilalamika kwamba maji ya Aktau yana chumvi. Alipokwisha kufuta midomo akatoa kijaluba cha hereni.

"Haya, mleteni huyo binti."

"Binti yupi, mama?" mzee akasema. "Humu tunaishi mimi na paka. Na paka mwenyewe dume."

Kwetu alifika jioni, kashiba hata kuinama hawezi. Nyama ya bibi hakuigusa.

"Umelishwa na nani?" bibi akamuuliza.

"Nitamjulia wapi? Kizee fulani." Akakisukuma kijaluba mezani. "Tumalize, mkwe, nina ndege."

Bibi akakirudisha upande wake, akaenda kumletea kofia. Shangazi alilia wiki nzima, na mpaka leo anasema alionewa.

Mwaka huu, nikiwa nakaribia kumaliza shule, nilimuuliza bibi tena. Alikuwa anakata unga uliokandwa wa tambi, hata kisu hakukisimamisha.

"Kala kwa mtu mpaka kashiba, jina lake hata hakumuuliza," alisema. "Akmaral angemmiminia chai huko miaka ishirini, naye angeitwa kisichana fulani."