Mama wa Chitete anayelifungia jua nje

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Chitete, wilayani Momba. Loisi Silwimba yuko juu ya bati la watu, suruali ya marehemu mumewe ndani, kanga juu yake, anapaka chokaa kwa ufagio. Wanaume wanaopita kwenda shambani wanatazama juu, kisha wanakumbuka heshima na kutazama viatu vyao.

Chini, ngazi imeshikwa na Fides Nzowa, mtoto mgongoni.

“Saa mbili ikinikuta huku, mtanishusha nikiwa chapati,” anasema Loisi.

Hatanii sana. Bati likishapata moto, chokaa hukauka kabla haijashika, ikabanduka kama ngozi ya nyoka. Ndiyo maana Loisi, mwenye miaka 56, huwahi kuliko jogoo. Paa moja humpa shilingi elfu thelathini. Chokaa na gundi ananunua mwenye nyumba. Wapo wanaosema nyumba zake zinafanana na makaburi. Yeye huwajibu kuwa hajasikia marehemu akilalamikia joto.

Kazi hii alifundishwa na kuku. Miaka sita iliyopita ndoo ya chokaa ilimwagika juu ya banda lake, ikafunika nusu ya bati. Mchana akakuta kuku wote wamebanana chini ya ile nusu nyeupe, upande wa pili hata kifaranga hakuna.

“Kuku hajasoma, lakini haoni aibu kuhama panapochoma,” anasema.

Kazi iliyomtoa jasho kuliko zote ni ya nyumba ya huyu huyu Fides. Yeye na mumewe Ezron, mnunuzi wa ufuta, walishuka Oktoba iliyopita kutoka Iyula, kwenye baridi, kahawa na mablanketi mawili mawili. Wakajenga chini ya bati jipya linalong’aa. Feni mbili zikala umeme wa shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi, na bado mtoto wao Gwalugano, wa miezi mitano, akatoka harara kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Fides akamwambia mumewe mbele ya majirani: mtoto asipolala vizuri hadi Jumamosi, anapanda naye gari la Iyula, na Ezron abaki akalale na ufuta wake.

Jumanne Loisi akapaka paa. Jumatano Ezron akaja kulalamika, kwa adabu ya mtu aliyekwisha kulipa.

“Bati limepoa, mama. Lakini ndani bado ni tanuri.”

Kesho yake Loisi akaenda kukaa sebuleni kwao tangu alfajiri hadi jioni. Akaletewa chai, akanywa. Akaletewa ugali, akala, maana uchunguzi unataka shibe. Akamwona Fides akifungua madirisha yote kulipokucha na kuvuta mapazia jua liingie vizuri, kama mama yake alivyofanya Iyula. Jua lilipozama, akayafunga yote, akasokomeza kitambaa chini ya mlango. Loisi akacheka hadi akashika ukuta.

“Mwanangu, jua unalikaribisha asubuhi, halafu jioni unalifungia ndani lilale na mtoto.”

“Baridi ikimpiga mtoto, mama mkwe ataniuliza mimi.”

“Baridi ya Chitete? Ukiiona niite, na mimi niisalimie.”

Fides alinuna, lakini Jumamosi ilikuwa karibu kuliko mama mkwe. Ijumaa Ezron akapigilia wavu wa mbu kwenye madirisha, na upande wa machweo Loisi akaning’iniza mikeka kwa nje. Tangu siku hiyo, mchana madirisha na mapazia hufungwa, jua likilegea hufunguliwa pande zote mbili, upepo upite kama mgeni asiyekaa.

Jumamosi asubuhi gari la Iyula likaja likapiga honi. Fides akatoka bila begi, kidole mdomoni, akimwomba dereva anyamaze. Gwalugano alikuwa bado amelala.

Harara ilikauka baada ya wiki mbili. Feni moja Ezron ameiuza. Umeme wa mwezi uliopita haukufika elfu kumi. Na Fides, aliyekuwa anakwenda Iyula, ndiye sasa anayeshika ngazi na kuchanganya chokaa kwa ujira wake mwenyewe.

Mpango wa Loisi ni kupaka chumba cha wazazi cha zahanati ya jirani, ambako ameshaahidiwa kazi. Kabla ya hapo kuna nyumba moja inayomtia aibu, bati lake halijawahi kuonja chokaa, maana ndoo humwishia kwa wateja. Ni ya kwake.

“Jumamosi nakuja na ngazi, mama, utake usitake,” Fides anamwambia kutoka chini.

Loisi anachovya ufagio, anatazama jua linavyopanda.

“Njoo. Kuku wangu wamelala pazuri kuliko mimi miaka sita. Imetosha.”