Jina la Kwanza Lilikuwa la Marehemu

Mwenzangu alifariki makala yetu ikiwa bado mikononi mwa wahakiki. Alianguka nyumbani asubuhi akijiandaa kwenda kufundisha. Ilikuwa presha. Wakamkimbiza hospitali, na kabla ya adhuhuri simu zilikuwa zimeanza kuzunguka chuoni. Tulimzika kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, siku ya upepo mkali. Vumbi lilituingia machoni hata wasiolia wakaonekana wanalia.

Niliporudi kwenye ofisi tuliyokuwa tunaitumia pamoja, nilikuta barua pepe ya mhariri wa jarida. Makala inaweza kukubaliwa, alisema, ila inahitaji marekebisho makubwa. Nilifunga kompyuta nikakaa tu, nikitazama koti lake la mvua lililoning'inia nyuma ya mlango.

Utafiti wenyewe ulihusu vifua vya wanawake wanaofanya kazi kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kuanzia upande wa Bugarama hadi vijiji vya Geita. Karasha linanguruma, vumbi jeupe linapanda, na wanawake wamekaa humo humo wakichekecha unga wa mawe, wengine na mtoto mgongoni. Wazo lilikuwa lake. Yeye alikuwa mtoto wa huku, na Kisukuma chake ndicho kilichotufungulia milango. Alikuwa akifika anasema "Mwangaluka," salamu yao ya asubuhi, anaulizia mvua na ng'ombe, na mimi mtu wa Iringa nimesimama nyuma yake na kipimo changu cha pumzi kama mtu aliyekuja kukusanya ushuru.

Mara nyingi walituita waandishi. "Waandishi wamekuja!" mtu alikuwa akipaza sauti, na mwenye karasha anatoka amekunja uso, akidhani tumetoka gazetini kuja kumchafulia jina. Mwenzangu alizoea kuwatuliza.

"Sisi si waandishi, mama. Ni watafiti."

Mama mmoja pale Bugarama akamtazama alivyoshika kalamu, akamuuliza, "Sasa hayo unayoyaandika, anayaandika nani?"

Mwenzangu alicheka mpaka akaanza kukohoa. Njia nzima ya kurudi Kahama alikuwa akilirudia lile swali na kucheka peke yake.

Tuligawana kazi bila ugomvi. Yeye alitunga maswali, alihoji, na aliandika rasimu ya kwanza. Mimi nilipima pumzi na kuchambua takwimu. Tukakubaliana jina lake litangulie, langu lifuate. "Hii yangu, inayokuja ni yako," aliniambia, nami niliridhika.

Mtu wa nje anaweza kuona majina ni majina tu, yamepangwa juu ya karatasi. Kwetu sisi nafasi ya jina ndiyo maisha. Anayetangulia huhesabiwa kuwa ndiye mwenye kazi. Anayefuata hupewa sehemu yake. Aliye katikati ya msururu mrefu huambulia makombo, na wa mwisho, kwenye fani yetu, huwa mkubwa aliyeisimamia kazi, au mkubwa aliyependa aonekane ameisimamia. Hakuna anayekuuliza ulilala wapi kule Katoro, Geita, au ni mama gani aliyekubali kupuliza kwenye kipimo baada ya wewe kumbebea ndoo ya maji.

Marekebisho nilianza kuyafanya kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuyafanya. Nilifundisha asubuhi, nikasahihisha mitihani ya wanafunzi wake na wangu mchana, na jioni nikafungua makala. Wahakiki hawakuipenda sehemu ya mahojiano. Mmoja alisema haelewi kwa nini mwanamke anayejua kuwa vumbi linamuumiza aendelee kukaa kwenye vumbi. Swali hilo lilinichosha kuliko yote, maana mwenzangu angelijibu kwa aya moja. Mimi nilihangaika nalo. Niliandika utangulizi upya, nikaubomoa mjadala na kuujenga tena. Nilipomaliza, sentensi zake zilizobaki zilikuwa chache, na niliogopa kuzigusa.

Siku hizo hizo mkuu wa idara aliniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alichangia msibani, alikaa na wazee mpaka mwisho. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Pole tena, dada. Sasa hiyo makala tunaiwekaje?"

"Kama ilivyokuwa, mkuu."

"Nisikilize kwanza. Marehemu hapandi daraja. Wewe unahitaji jina la kwanza ili uwe mhadhiri mwandamizi, na nimesikia umeiandika karibu upya. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi jiweke mbele. Yeye tumshukuru pale mwishoni, kwa maneno mazuri kabisa. Na mimi niingie kama wa pili, nikusaidie kuisukuma."

"Wewe uliifanyia nini, mkuu?"

Hakukasirika. "Barua zenu zote za ruhusa nilisaini mimi. Bila hizo mngetoka hapa kwenda Geita?"

Nilikuwa nimechoka mno hata hasira haikuja. Nilimwambia nitafikiria. Na nilifikiria kweli. Maneno yake juu yake mwenyewe niliyatupa pale pale mlangoni, lakini maneno yake juu yangu nilitembea nayo hadi nyumbani. Marehemu hapandi daraja. Mimi nilikuwa nimekaa daraja moja miaka mingi, nikiwaona niliowafundisha wakinipita. Na kazi ya mwisho, ile ya kuwajibu wahakiki neno kwa neno, niliifanya peke yangu. Nani angenilaumu?

Jarida lilitaka kila mwandishi athibitishe kwa barua pepe yake mwenyewe kwamba amesoma toleo la mwisho na amelikubali. Yangu niliithibitisha. Ya mwenzangu ilikwenda kwenye simu yake, na simu ilikuwa kwa mke wake. Nikaenda kumwona.

Mimi na mumewe tuliitana kaka na dada, kwa hiyo mimi naye tuliitana wifi. Alinipokea na chai. Simu ya marehemu ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imechomekwa kwenye chaji.

"Siizimi," alisema. "Kuna watu wanapiga bado, hawajapata habari. Nawaambia mimi."

Tulifungua barua pepe pamoja. Zilikuwa zimejaa nyingine tele, za majarida nisiyoyajua, zikimwomba makala kwa heshima kubwa.

"Wifi, hawa wanamwita Profesa. Alishakuwa Profesa?"

"Hapana. Hao kila mtu kwao ni Profesa. Wanatafuta wateja."

Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka tangu msiba. Kisha tukaipata ile tuliyokuwa tunaitafuta, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye neno la kukubali.

"Usibonyeze kwanza."

"Kwa nini? Si ndiye huyu wanayemtaka?"

"Wanauliza kama amelisoma toleo la mwisho. Hajalisoma, wifi. Nimeliandika hayupo."

Akaiweka simu mezani polepole. Niliona nimweleze yote, kwa kuwa ilikuwa haki yake kujua. Nikamweleza maana ya jina la kwanza na la pili, na alichosema mkuu wa idara. Alinisikiliza bila kunikatisha.

"Kule kwenye makarasha mlikwenda wote?"

"Wote. Ila wazo lilikuwa lake, na watu walizungumza kwa sababu yake."

"Na kuandika?"

"Alianza yeye. Nimemaliza mimi."

Alifuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Mambo yenu hayo siyajui. Uamue wewe unayeyajua. Ila ukimtoa, usije kuniambia."

Siwezi kusema kwamba niliondoka pale nikiwa na moyo mkubwa. Niliondoka nikiwa nimechoka, na kati ya njia mbili nikaona ile ya kumtoa ingenichosha zaidi, kwa sababu ingebidi niendelee kunywa chai katika nyumba ile nikiwa na kitu cha kuficha. Kesho yake nilimwandikia mhariri kwamba mwandishi wa kwanza amefariki, nikaeleza alichofanya na nilichofanya. Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilisema anaweza kubaki, familia ikiridhia kwa maandishi, lakini lazima mtu aliye hai awajibike kwa kila kilichomo, pamoja na mahojiano. Nikajibu kwamba mtu huyo ni mimi. Wifi yangu akaandika mistari michache kwa mkono, tukaipiga picha tukaituma.

Nilimwambia mkuu wa idara kwamba majina yatabaki mawili. Alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mgonjwa asiyetaka dawa. "Haya, dada. Umechagua," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Makala ikatoka. Juu ya jina lake kulikuwa na alama ndogo, na chini ya ukurasa maelezo kwamba amefariki. Nilipanda basi hadi Bugarama kuwapa wanawake matokeo, kama tulivyowaahidi. Mwenye karasha alikubali kuzima mashine kwa muda mfupi. Niliwaambia kwa Kiswahili kile ambacho vifua vyao vilikuwa vimeshawaambia zamani, nikawaonyesha namna ya kulowesha mawe kabla ya kusaga. Wakaulizia yule kaka mrefu. Niliposema amefariki, walishika vichwa, mmoja akakaa chini kabisa kwenye unga wa mawe. Walinipa pole kwa Kisukuma, na safari hii sikuwa na mtu wa kunitafsiria. Mwenye karasha akasubiri zaidi kidogo ya alivyotaka, kisha akawasha.

Mwaka huo niliomba kupanda daraja. Kwenye kikao mwenyekiti wa kamati aliishika ile makala akaniuliza mchango wangu ni asilimia ngapi. Walihitaji namba, kwa kuwa wa kwanza hakuwepo wa kuulizwa.

"Sijui," nikasema.

"Kadiria tu."

Nilijaribu. Nilijaribu kukadiria ule mwangaluka wake kwa wale wanawake ni asilimia ngapi, na zile jioni zangu ni asilimia ngapi. Nikarudia kwamba sijui. Niliiona kalamu ya katibu ikipita kwenye karatasi, na nilijua inaandika nini. Sikupanda.

Mwaka uliofuata nilichukua takwimu za zamani zilizokuwa kwenye kompyuta yangu, nikaandika makala fupi nikiwa ofisini, bila kwenda popote na bila kuzungumza na mtu yeyote. Jina lilikuwa moja, langu. Kamati haikuwa na swali. Sijawahi kukutana na mtu aliyeisoma, na mimi mwenyewe nikiulizwa ilisema nini lazima niifungue kwanza.

Barua ya kupandishwa daraja niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido. Wenzangu walinipa mikono, mkuu wa idara akanipongeza kwa dhati, nami nikashukuru. Kisha nikaingia darasani, kwa kuwa nilikuwa na kipindi.