Siku Treni Ilipofika Marabo

Haya, mutacheka, basi mucheke, watu wote wa kartie Lumumba wamekwisha kucheka mbele yenu na mimi sijafa. Nimekubali kueleza kwa kinywa changu mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia mukasa wangu katika vinywa vya wengine, kila mumoja anaongeza chumvi yake (kuna mutu kule sokoni anasema siku ile nilikuwa nimevaa kofia ya mukubwa wa stesheni, uongo mutupu, kofia sina). Aibu niliyoipata inatosha kama ilivyo.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha jiografia kwenye shule moja ya sekondari hapa Bunia, wanafunzi wananiita Prof, jirani wananiita Prof, hata bibi niliyemuoa ananiita Prof akiwa amekasirika. Wanaume wengine wakitoka kazini wanaangalia mupira, wengine wanakwenda kunywa, mimi najenga reli. Ndiyo, reli. Kuna jeu moja, muchezo wa kompyuta, ambao rafiki yangu aliniletea kutoka Kampala, ndani yake unaendesha treni za zamani za Waingereza, zile za mvuke, zinazokula makaa ya mawe na kutoa moshi kama jiko lenye kuni mbichi, na si kuendesha tu, unaweza kuijenga upya njia yote kama ilivyokuwa zamani zile, reli, vituo, madaraja, hadi miti na ng'ombe wa kando. Mimi nilichagua kanjia kamoja kadogo ka mashambani, kalifungwa zamani sana na reli zake zikang'olewa, nikatafuta picha za kale na ramani, nikaanza kukafufua kipande kwa kipande, hapa ukuta wa mawe, pale bidoni za maziwa zikingoja treni ya asubuhi. Musiniulize ni kwa nini. Bunia hakuna treni, mimi sijapanda treni hata siku moja katika maisha yangu, lakini naweza kuwaambia kwamba kabla ya kituo cha mwisho kuna mulima, na usipochochea moto mapema mvuke unaisha katikati na treni inaanza kurudi kinyumenyume.

Kile kituo cha mwisho kilikuwa na jina la Kiingereza ambalo ulimi wangu ulishindwa kabisa kulitamka. Basi kwenye kibao chake nikaandika MARABO. Marabo ni kwetu, njo kule shangazi yangu mama Dorika alinilea, na nilikuwa nacheka peke yangu kila mara treni ya Waingereza ikisimama Marabo. Nani angeona?

Sasa tuingie kwenye ndoa. Dada yangu mudogo, Espérance, alikuwa anaolewa na kijana wa Mahagi. Baba yetu alikwisha kufa, kwa hiyo mimi, kaka yake mukubwa, yaya kama anavyoniita, njo nilisimama pahali pa baba, na koti nilivaa, na hotuba nilitayarisha. Baba ya kijana, muzee Ukumu, alikuwa mutu wa maneno machache, mugongo wima, wa kukutazama mupaka uanze kujiuliza umekosa nini. Yeye na watu wake walitoka Mahagi katika mvua, gari lao lilikwama njiani, wakashuka wakasukuma, wakafika na nguo za sherehe zimefungwa kwenye mifuko. Na huyu muzee hakumujua baba yetu, hawakuwahi kuonana.

Espérance aliniomba kitu kimoja tu. "Yaya, utafute picha za papa zote. Tutazionyesha mu salle, juu bale ba Mahagi bajue niko mutoto wa nani." Nikatafuta. Nyingine zilitoka kwa mama Dorika, nyingine kutoka Gety kwa watu waliofanya kazi na baba, picha za kukunjika, za kuliwa na mende, nikaziingiza kwenye kompyuta, nikaweka na wimbo chini yake. Dada yangu alipoziona alilia. Hiyo njo ilikuwa kazi yangu ya siku ile: kuonyesha baba yangu kwa wakwe.

Asubuhi ya ndoa wanawake walikuwa wanasukana, na munajua wanawake wa kwetu wakianza kusukana siku ya ndoa, unaweza kwenda shamba, ulime, uvune, urudi. Nikakaa pembeni, nikafungua treni yangu kidogo tu, kwa kupoza moyo. Na siku hiyo, jamani, nilikuwa naendesha vizuri! Moto ulikubali, mvuke ulikuwa juu, tulikuwa tunaupanda mulima kama hakuna mulima. Mara bibi yangu, mama Neema, anaita mulangoni: "Prof! Gari iko inangoja weye tu!" Kama ningefunga jeu ningepoteza safari yote. Nikaisimamisha tu, nikakunja kompyuta, nikaibeba chini ya kwapa namna ile, treni ikiwa ndani katikati ya mulima. Hilo njo kosa lenyewe. Dogo namna hiyo.

Salle ya sherehe ilijaa. Jenereta inaunguruma inje, spika za sono zimesimama kila upande ndefu kuliko mutu, ukutani wametundika kitambaa cheupe. Mwenye kuongoza sherehe, kijana mumoja anaitwa Fiston asiyejua kufunga kinywa, akatangaza: "Ba papa na ba mama, tunyamaze. Sasa tunaenda kumuona papa ya bibi-arusi wetu." Mapazia yakavutwa. Espérance alikwisha kushika kitambaa cha machozi. Mimi nikafungua kompyuta, imeunganishwa na projekta na sono, nikagusa kitufe kimoja.

Fiiiiiiii!

Mukiwa hamujasikia honi ya treni ya mvuke katika spika mbili za ndoa, mushukuru Mungu. Mama mumoja alimwaga sahani ya pondu kwenye gauni lake. Wazee wawili walisimama. Na pale kwenye kitambaa cheupe, badala ya baba yangu, ikatokea treni ya kijani, inapumua kama ng'ombe mwenye kukimbizwa, inapanda kati ya majani ya Uingereza na moshi juu yake. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, kompyuta imekataa, imeganda, mushale hauendi popote, lakini treni yenyewe (angalia ubaya) treni yenyewe inaendelea! Na ilipanda mulima ule vizuri kuliko siku zote. Nakiri kwamba katikati ya ile hofu kuna sehemu ya moyo wangu ilisema, angalia mvuke ule, kazi safi.

Watu wakaanza kutulia. Wakaanza kupenda. Halafu treni ikamaliza mulima, ikapunguza mwendo, ikawa inatambaa kama konokono, kituo kikatokea, na kibao kikajaa ukuta muzima: MARABO.

Mama Dorika akaruka kwenye kiti. "Marabo! Yesu wangu! Ni kwetu! Treni imefika Marabo!" Na akapiga vigelegele, wanawake wetu wote wakamufuata, hata wale ambao hawakujua wanashangilia nini.

Fiston, yule asiyejua kufunga kinywa, akanikimbilia na mikro. "Prof, utuelezee basi! Hii ni nini tunaona?"

Nikatazama meza ya wakwe. Muzee Ukumu alikuwa ananitazama. Sasa muniambie nyinyi, ningesema nini? Kwamba mimi, mwenye mvi, mwenye kusimama pahali pa baba, ninacheza? Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Ni... ni projet," nikasema, maana yake mupango wa kuleta reli kwetu.

Salle ikalipuka makofi. Na hapo ningeweza bado kujiokoa, lakini watu wakaanza kuuliza, na mimi, ugonjwa wa ualimu huo, mutu akiniuliza siwezi kunyamaza. Mama mumoja mwenye kuuza maharagwe akauliza kama magunia yatapakiwa. Yatapakiwa, nikasema. Itapitia wapi kufika Bunia? Ndugu zangu, nilijibu! Nilinyoosha mukono, nikaonyesha bonde, nikaonyesha pahali daraja litakaa, nikaeleza habari ya udongo. Jiografia yote ya mwaka wa nne wa sekondari niliimwaga pale. Fiston anasema "Mayele!", yaani akili nyingi, kila nikimaliza sentensi. Mama Neema, ambaye anaijua ile treni kama anavyolijua jiko lake, alikuwa ameinamisha uso mupaka karibu uguse meza.

Kisha muzee Ukumu akasimama.

"Prof," akasema polepole, "hii reli iko muzuri. Lakini niko nauliza. Muko munajenga mupaka Marabo. Siye ba Mahagi tuko tunasukuma gari mu matope. Bibi yangu juzi alilala mu njia, kichwa juu ya mufuko, juu barabara imekatika. Mahagi iko mu ile projet?"

Ningesema ukweli hapo, hata hapo, mungenisamehe.

"Iko, muzee," nikasema.

Upande wa Mahagi wakasimama wote. Wakaimba. Kuna mama wao mumoja alikuja akanipanguza jasho na kitambaa chake, na nilikuwa na jasho kweli.

Na nyuma yangu treni haikuwa na dereva. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja: mbele ya kituo cha Marabo nilikuwa sijajenga kitu. Hakuna reli, hakuna majani, hakuna udongo, dunia inaisha pale. Nikasikia watu wamevuta pumzi, nikageuka, nikaona treni yangu imepita kituo bila kusimama, ikafika mwisho wa dunia, ikaanguka ndani ya weupe mutupu, gari la abiria moja, la pili, la tatu, na ng'ombe wa Uingereza akabaki anaelea hewani anakula majani yasiyokuwako. Halafu maandishi makubwa mekundu ya Kiingereza yakatokea, na chini yake kitufe cha kuuliza kama nataka kucheza tena.

 Ni muzee Ukumu aliyeuliza, na sauti ya mutu mwenye kuogopa kweli: "Na batu benye balikuwa mu ndani?"

Espérance njo alinyanyuka. Alishika gauni lake jeupe kwa mukono mumoja, akatembea mupaka kwangu, akachukua mikro katika mukono wangu bila kunitazama. "Ba papa, ba mama, mutusamehe. Hakuna batu. Hakuna projet. Ile ni jeu. Yaya yangu iko anapendaka kucheza treni."

Kicheko kilianza nyuma kwa vijana, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Walicheka jirani, walicheka walimu wenzangu, Fiston alikaa chini kabisa. Lakini meza ya Mahagi hakuna aliyecheka. Wale waliokuwa wamesimama kuimba wakakaa mumoja mumoja, na yule mama akakunja kitambaa chake, akakirudisha kwenye mufuko.

Nikaenda kwao. Ile safari ya kupita kati ya meza ni fupi, lakini mimi naijua urefu wake. Nikapiga goti mbele ya muzee.

"Muzee, unisamehe. Nilisikia haya."

"Haya ya nini? Ya kucheza?"

"Ya kucheza, ndiyo."

"Kucheza haiko na haya. Mimi nachezaka dama kila siku na bazee benzangu, na nabaibiaka kete zabo." Akasogeza soda yake pembeni. "Lakini weye uliniambia Mahagi iko mu ndani. Na mimi niliamini. Nilikuwa nimeisha kuchagua nitakuwa nashukia wapi."

 Mimi mwenye kujibu kila mutu, nikatazama viatu vyake, vilivyokuwa bado na matope ya njia.

"Simama," akasema. "Papa yenu iko wapi? Ule njo tulikuja kuona."

Kompyuta tuliizima, tukaiwasha, lakini projekta ilikataa kuitambua tena, hata Fiston alipoipiga makofi. Basi nikaibeba kompyuta yenyewe nikaiweka kwenye meza ya Mahagi, kati ya chupa za soda. Espérance akakaa karibu na baba mukwe wake na gauni lake lote, watu wakajikusanya nyuma ya viti, na yeye mwenyewe akaanza kueleza. Hapa papa iko Gety na kinga yake, ile baiskeli aliipendaka kuliko siye. Hapa amenibeba, angalia nilivyonuna. Hapa amelala kwenye kiti siku ya krismasi, kinywa wazi. Muzee Ukumu alikuwa anainama, anatazama kila picha kwa muda murefu, kwenye picha ya kinywa wazi akacheka, cheko la kwanza la siku ile. Mwishoni akashika mukono wa dada yangu. "Sawa," akasema. "Sasa nakujua."

Espérance aliniambia baadaye kwamba kama projekta ingefanya kazi asingepata nafasi ya kukaa namna ile na mukwe wake. Alisema hivyo kwa huruma. Halafu akaniongezea kwamba siku nitakayokufa atanizika na ile kompyuta, ili asiione tena mu macho.

Tulipomusindikiza bibi-arusi Mahagi, mvua ilikuwa imenyesha tena. Gari likazama, tukashuka, nikakunja suruali, nikaweka bega pamoja na watu wa muzee Ukumu, tukasukuma, matope yakanifika magotini. Nilingoja mumoja wao aseme neno juu ya treni. Nilitaka aseme, nicheke, iishe. Hakuna aliyesema. Walihesabu pamoja, wakasukuma, wakafuta mikono, wakapanda, wakanisogezea nafasi.

Reli yangu bado najenga, siwezi kuwadanganya. Lakini kompyuta ile haitoki tena kwenye chumba changu, wala kwa ndoa, wala kwa kilio, wala kwa ubatizo wa mutoto wa mukubwa. Na lile neno, projet, nimeapa mbele ya mama Neema kwamba sitalitamka tena mbele ya mutu mwenye matope kwenye viatu.