Habu za Kigari cha Tekla

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma kule Mlimba. Mzee mwenye karakana akaniuliza swali fupi tu. Sikulielewa, nikaitikia kwa kichwa. Hadi leo, pamoja na mvi zote hizi, sijui kwa nini niliitikia.

Nayaandika haya kwa sababu nawaona ninyi vijana wa Ifakara mnavyounda vigari vidogo vya injini na vipikipiki vya kuchezea. Habu mnaagiza kwa simu, zinafika zimefungwa kwenye mifuko, zinang'aa. Juzi nilimsikia mmoja wenu akimwambia mwenzake, "We funga tu, itakaa yenyewe." Kwa asiyejua, habu ni kile kitovu cha gurudumu, sehemu inayolishika gurudumu kwenye ekseli, ule mhimili wa chuma unaobeba magurudumu. Ni chuma kidogo, kinaenea kiganjani. Lakini anayepanda kigari ameweka roho yake hapo.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Mdogo wangu Tekla alikuwa ameugua polio utotoni, miguu yake yote miwili haikumbeba tena. Mikono yake, hata hivyo, ilikuwa na kipaji. Alishona kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na magauni yake ya komunio yalisifiwa parokia nzima. Mama mmoja fundi nguo akamwahidi nafasi kwenye baraza lake pale sokoni Ifakara, kwa sharti moja: afike kila siku asubuhi. Kufika ndiyo ilikuwa shida. Mama yetu alimsukuma kwenye baiskeli kutoka kijijini, naye mama alikwisha kuchoka. Mara tatu walifika mchana. Yule fundi akasema mavuno yakiisha na hali ikiwa hivyo hivyo, nafasi atampa mwingine.

Mimi nikasema, "Tekla, nitakutengenezea kigari cha injini. Utajiendesha mwenyewe."

Nyumbani kwetu ni mimi peke yangu niliyemaliza kidato cha nne. Watu wa mtaani waliniita Injinia, wao wakitania, mimi nikiamini. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na mimi nilikuwa debe hilo.

Nilipata injini ya pampu ya maji iliyochoka, nikachomelea fremu ya mabomba, nikaokota magurudumu matatu ya pikipiki. Ekseli ya nyuma niliitoa kwenye tela kuukuu lililolala misimu mingi katika tope la shamba la mpunga. Nikaipima unene kwa rula ya shule, nikaandika kwenye karatasi, nikapanda treni kwenda Mlimba kwa mkereza vyuma aliyeitwa Baba Kalista.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka habu. Sasa, ekseli yako inazunguka pamoja na magurudumu, au imesimama na magurudumu yanazunguka juu yake?"

Ndilo swali lenyewe. Nikaitikia kwa kichwa.

"Unaitikia nini? Nimekuuliza moja kati ya mawili."

"Yote mawili, mzee."

Baba Kalista akacheka mpaka akashika mashine. "Yote mawili! Basi hicho kigari kitakwenda Mahenge na kurudi kwa wakati mmoja."

Akanieleza, tena kwa upole. Kama ekseli imesimama, habu inawekewa beringi ndani yake ili izunguke. Kama ekseli yenyewe inazungushwa na cheni, habu haina ruhusa ya kuteleza hata kidogo. Inakatiwa mfereji, ekseli nayo inakatiwa mfereji, kisha kipande cha chuma kiitwacho kii kinakaa katikati, nusu huku na nusu kule, ili viwili hivyo viwe kitu kimoja. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya lugha ngeni. Nikashika neno cheni, kwa kuwa cheni nilikuwa nayo, nikasema, "Yangu ni hiyo ya pili."

"Ekseli iko wapi?"

"Nyumbani. Nimekwisha kupima."

Akaniangalia. "Umepima chuma au umepima kutu?"

"Chuma, mzee."

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilianzia Mlimba mpaka Ifakara, na habu mbili zikiwa mapajani mwangu. Baba Kalista aliniagiza nirudi na ekseli aikatie mfereji mwenyewe. Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Nyumbani nikaisugua ekseli kwa msasa. Kutu ikabanduka kama ukoko wa ugali, chuma kilichobaki kikawa chembamba. Nikavisha habu, ikapwaya kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Nikaduwaa. Nikaitoa ya kushoto nikaiweka kulia, ya kulia nikaiweka kushoto, eti huenda upande mmoja ungebana. Siku tatu nilizunguka ile ekseli bila kuelewa nianzie wapi. Dawa ilikuwa kurudi Mlimba na kusema, "Mzee, nilipima kutu." Maneno matatu tu. Nikayaona mazito kuliko injini.

"Kaka, imekaa?" Tekla akaniuliza kutoka kizingitini.

"Imekaa."

Nikakata ukanda wa bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, nikauzungushia ekseli, nikaigongea habu juu yake kwa nyundo. Mfereji nikauchimba kwa msumeno na tupa, ukaenda upande, kii ikawa inachezacheza. Nikakiendesha kigari mizunguko miwili kwenye uwanja wa kanisa. Kikashika. Nikajiambia, basi ndivyo kilivyo.

Jumatatu Tekla alivaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe, cherehani tukaifunga mbele yake. Akawasha injini, akaondoka akiimba. Mimi nikamfuata kwa baiskeli. Hatukufika mbali nikasikia gurudumu la kushoto likilia ka, ka, ka. Nililisikia, mwanangu. Na badala ya kuongeza mwendo nimsimamishe, nikapunguza, nikabaki nyuma, nisilisikie. Hilo ndilo nisilolielewa zaidi ya yote.

Kwenye mteremko wa kuelekea daraja la mfereji wa maji, gurudumu likatoka. Mchungaji mmoja wa Kisukuma, wakati huo Wasukuma walikuwa bado wachache bondeni kwetu, alikuwa kando na ng'ombe wake. Akapiga kelele akicheka, "Oyaa, gurudumu linampita mwenye gari!" Kisha akaona kigari kinapinduka, kicheko kikamkauka. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza, ndiye aliyemtoa Tekla mtaroni, cherehani ikiwa imemlalia mkono wa kulia.

Mfupa wa kiwiko cha mkono uliunga kombo. Mkono ule ndio uliozungusha cherehani. Mavuno yalipoisha, nafasi ya barazani ilikwenda kwa mwingine.

Alipokuwa bado amelazwa, Tekla aliniuliza taratibu, "Kaka, ulijua kwamba haikukaa?"

Sasa nitazame mimi, Injinia. Mlimba niliulizwa nisichokijua, nikajifanya najua. Na hapo kitandani nikaulizwa ninachokijua, nikajibu, "Sijui, Tekla. Hata mimi sijui kilichotokea."

Baadaye niliibeba ekseli kwa Baba Kalista. Alichomoa lile bati lililosagika, akaliweka juu ya benchi, hakunikemea kwa sauti.

"Kijana, ungerudi ningekucheka," alisema. "Halafu ningekutengenezea. Kicheko changu kingekuvunja nini?"

Mficha uchi hazai, walisema wakubwa, na mimi niliuficha ujinga wangu ndani ya gurudumu la mdogo wangu. Baba Kalista alikereza habu nyingine, ekseli ikiwa mkononi mwake safari hii. Kigari kikapona. Kilibeba mpunga wa watu miaka mingi. Tekla hakukipanda tena. Akawa anauza nyuzi na vifungo nyumbani, akihesabu kwa mkono wa kushoto.

Mwaka jana, sote wawili tukiwa wazee, nilikaa karibu naye nikamwambia yote: kutu, bati, ile sauti ya gurudumu, na jibu langu la hospitalini. Akaendelea kupanga vifungo vyake.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Wewe kaka hukuwahi kusema sijui tangu nizaliwe. Ulipolisema pale, nikajua unajua."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambia nini? Lilikuwa lako la kusema. Ila umechelewa, kaka. Umechelewa sana."

Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Alinimiminia chai, nikainywa, nami bado sijui ile chai ilikuwa jibu gani.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kabla hujanunua habu, jua kwanza ekseli yako inazunguka au imesimama. Usiponijibu hilo, rudisha pesa mfukoni. Isugue ekseli mpaka uone chuma cheupe, ndipo upime, na ukiweza ibebe yenyewe dukani. Tazama matundu ya bolti yalingane na ya rimu. Habu ikipwaya usiizibe kwa bati wala gundi wala sala, tafuta inayoenea. Kii ikae bila kucheza. Ukishafunga, endesha wewe, tena ukiwa na mzigo, kisha simama ukaze nati upya kabla hujampandisha mtu. Na gurudumu likilia, simama. Usibaki nyuma kama mimi.

Lakini hayo hata muuzaji atakueleza. Langu mimi ni hili: kuuliza si ujinga, na aibu ya kusema "sijui" mbele ya fundi huisha kabla ya jua kuzama. Ukikosea, mwambie uliyemuumiza siku hiyo hiyo, kabla hajalisoma usoni mwako.

Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usioogopa kuchekwa. Akulinde barabarani, amlinde na kila atakayepanda ulichokiunda, afike aendako, arudi nyumbani mzima. Amina.