Nani Alimsemea Mwalimu

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini udadisi haukuniacha. Nilipofika Temeke baada ya kuhamahama miji mingi, nilijiandikisha katika darasa la watu wazima lililoanza saa kumi alasiri, makuli wakishatoka bandarini. Mwalimu wetu aliajiriwa na serikali ya Mwingereza, na watumishi wa serikali walikatazwa kugusa siasa.

Siku moja kuli mmoja, Mzaramo, akauliza, "Mwalimu, tunaambiwa Mwingereza anatutunzia nchi kama amana. Nani alimkabidhi? Mie sikuwepo, na baba yangu hakuwepo."

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Aliliandika swali ubaoni, akasema humu ndani kila mtu ana ruhusa ya kufikiri. Tulibishana hadi adhana ya magharibi. Mwishowe akafuta ubao mwenyewe, taratibu, pembe zote.

Mwezi uliofuata ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Mwalimu ajieleze kwa nini alifundisha siasa, la sivyo kazi hana. Alitusomea akiwa amesimama, kisha akaikunja mara nne.

Macho yakamwendea karani wa Kinyamwezi aliyekaa nyuma. Kusoma alijua tangu zamani. Kwetu alifuata nini? Nilishukuru kimoyomoyo kwamba walimtazama yeye, maana mgeni asiye na kwao wala kazi ya kudumu nilikuwa mimi.

"Mtani," kuli akamwambia, "hivyo viatu vipya kakununulia nani?"

"Wivu huo. Wewe ukipata viatu utavivaa kichwani."

Siku nyingine tungecheka. Karani akainuka, akaenda kwenye meza ya mwalimu. Madaftari yetu yalikuwa pale. Kila mwisho wa mwezi yalipelekwa ofisini ili miandiko ikaguliwe, na safari hii yalirudi pamoja na barua.

"Kabla hamjanizika, fungueni."

Tukafungua. Swali lilikuwemo katika kila daftari, kwa mwandiko wetu mzuri kuliko wote, tarehe juu. Tulizoea kunakili chochote kilichoandikwa ubaoni. Chini yake mwalimu, kwa mazoea yake, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Vizuri. Katika daftari langu mtu wa ofisini alipiga mstari wa penseli chini ya neno hilo.

"Tutasema siku hiyo hukuja, Mwalimu," kuli akasema, sauti imemshuka.

"Na wino mwekundu utasema ni wa nani?" mwalimu akamuuliza.

Alikwenda kujieleza, hakurudi. Akaletwa mwingine, akatuandikia ubaoni faida za kuchemsha maji. Tukanakili yote, na hakuna aliyeuliza swali.

Karani nilikutana naye sokoni mara mbili tatu. Alinisalimia vizuri; nilimjibu kwa mkato, nikapita. Nilijua daftari langu lilisema kuliko yeye. Lakini mpaka nahama Temeke niliendelea kujiuliza: siku ile, alijuaje pa kutazama?