Jioni Tuliyojaribu Kamera ya Joto

Mimi matangazo siyaamini, na si kwa ujanja wowote. Ni kazi imenifunza. Nimepiga video za harusi na mazishi hapa Nkubu miaka mingi, na kila kifaa nilichowahi kununua kilikuja na maneno matamu kuliko chenyewe. Betri ya "siku nzima" huzima kabla bibi harusi hajafika kanisani. Maikrofoni "isiyosikia upepo" hunirekodia upepo mtupu, padri akiwa kwa mbali. Kwa hivyo muuzaji mmoja pale Meru mjini, ghorofani karibu na soko la Gakoromone, alipoanza kunionyesha tangazo la droni mpya, nilikunja mikono nikamwambia aendelee tu, mimi naangalia.

Lilikuwa tangazo la msitu wenye theluji. Mzee mwenye koti jekundu amepotea, mbwa wanabweka, mwanamke analia mlangoni. Droni inapaa, picha inageuka nyeusi, na katikati ya ule weusi mzee anaonekana mweupe pe, amejikunyata chini ya mti. Kamera ya joto hiyo. Sauti nzito ikasema kwamba sasa hakuna mtu atakayepotea tena. Muuzaji akanigeukia, akanikuta na kiburi changu chote nimejishika kifua.

Maana baba yangu alikuwa akipotea. Anaishi peke yake kwetu chini, upande wa Mbeere, kwenye jua na ndengu na mbuzi na mawe. Tangu mama atutoke, jioni ikianza kuingia yeye huondoka. Hamwambii mtu, hachukui fimbo, anavaa tu lile koti lake zito na kushuka mteremko. Siku moja warina asali walimkuta kwenye korongo, amekaa, miguu imefukiwa mchangani. Siku nyingine majirani walimtafuta wakiita jina lake, kumbe yuko hapo hapo karibu, anawasikia, haitikii. Waliomuona walisema alikuwa akiwatazama kama anawahesabu. Hilo la kutoitika ndilo lililonikosesha usingizi.

Kaka yangu mkubwa, mtu wa ofisi pale Embu mjini, alikuwa ameshakata shauri. Kwake kuna ukuta, kuna geti la chuma, na chumba alikuwa ameshakipaka rangi. Mimi nikasema hapana. Baba ni mtu wa kutembea na mbuzi, ukimfungia atakufa. Tulibishana kwa simu mwaka mzima, hata nikiwa kwa baba, hadi tukafika mahali pa kukumbushana makosa ya utotoni. Mwisho nikamweleza habari za droni, akanipa sharti: nikaijaribu hiyo mashine huko huko kwa baba, saa zile zile anazopotea. "Ikimpata, nitanyamaza," akasema. "Isipompata, keshokutwa yake nakuja kumchukua." Tukaelewana hivyo, sisi wawili.

Muuzaji alikubali niende nayo nyumbani kabla ya kuamua, mradi nimwachie kamera yangu kubwa kama dhamana. Kibali cha kurusha nilikuwa nacho tayari, kwa sababu ya harusi. Nikaanzia Nkubu, nyuma ya nyumba yangu, nikapitia ahadi za tangazo moja moja kama mama mkwe anayekagua sufuria. Walisema inasikika kama nyuki mmoja. Mimi nilisikia mzinga mzima uliopigwa teke. Walisema inakaa angani muda mrefu. Labda huko kwao hakuna upepo wa mlima, maana hapa ilianza kulilia betri nikiwa bado najifunza vifungo. Walisema ikipotezana na rimoti hurudi yenyewe. Nikazima rimoti, nikiwaza ile kamera yangu niliyoweka dhamana, na kweli ikarudi ikatua pale pale ilipopaa. Hapo nikaipa heshima yake.

Ile kamera ya joto ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, baridi ya Nkubu ile ya kuvaa sweta mbili. Nikamtuma mume wangu ajifiche kwenye migomba, na kabla hajamaliza kukaa nikawa nimemuona. Mweupe, wazi, hadi vidole. Mashine yenyewe ikamchorea kisanduku na kuandika chini yake: mtu. Nikampigia kelele atoke. Akainuka, akaondoka, na pale alipokuwa ameegemea mgomba akabaki mtu mwingine, mweupe vile vile, ana mgongo, ana mapaja, amekaa. Ni joto tu aliloacha. Likafifia polepole, kuanzia kichwani. Mume wangu alipokuja kutazama alicheka kidogo, halafu akaniambia niizime, hapendi kuona akiachwa nyuma.

Hata hivyo nilimpigia kaka siku hiyo hiyo, nikamwambia kwa majivuno atafute mpangaji wa kile chumba chake.

Huko chini kwa baba nilikuta jua la kupasua midomo. Baba alikuwa na siku njema. Huniita mama, maana nimebeba jina la mama yake, na siku hiyo aliniita hivyo tangu mlangoni, akanikaribisha uji, akaizunguka ile droni akiuliza inakula nini. Nikamweleza: yeye atajificha, mimi nitamtafuta kwa hii. Sikumwambia habari za kaka. Nilidhani atakataa, au atasema mimi ni mtoto mdogo. Badala yake alikubali haraka mno, akaenda kuchukua koti. Akauliza jambo moja tu, ajifiche kidogo au ajifiche kabisa. Nikamwambia kabisa. Akapita kando ya ndengu, akashuka, na pale miiba inapoanza sikumwona tena.

Nilingoja jua lizame. Mawe yalikuwa bado yanatoa moto, niliusikia kupitia viatu. Nikairusha. Mbuzi waliokuwa wakilia zizini wakanyamaza wote kwa pamoja, na sauti ya mashine ikabaki peke yake.

Nilitarajia kuona weusi na mtu mmoja mweupe. Nilichoona kwenye skrini ni kwamba mteremko wote ulikuwa umejaa watu. Weupe. Wamekaa. Wengine wawili wawili, wengine peke yao, wengine wamelala ubavu, na wote wametulia kama waombolezaji wanaongoja jeneza lishushwe. Nimewapiga video watu kama hao mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu, haki, ulianza kutafuta kitufe cha kurekodi. Mashine ikawa inachora visanduku. Mtu. Mtu. Mtu. Mtu.

Nikainua macho. Hakuna kitu. Miiba, mawe, na giza linaloingia. Nikarudisha macho kwenye skrini, nao wapo, hawajasogea.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilijitukana nilipoelewa. Mawe ya kwetu hunywa jua mchana kutwa. Kwenye theluji ya tangazo kitu chenye joto ni mtu; kwetu jioni kila jiwe ni mtu. Nami nilikuwa nimeijaribu kwenye baridi ya Nkubu, nikaridhika, nikatamba. Kichwa kilielewa vizuri sana. Mwili haukuelewa, nywele za mikono zilikataa kulala, kwa sababu yale mawe yalikuwa na mabega.

Nikaiteremsha droni nikaanza kuwakagua mmoja mmoja. Jiwe. Jiwe. Jiwe lenye kitu kama mkono, nalo jiwe. Nikaita, "Baba! Mchezo umeisha, toka!" Hakuna jibu. Nikaita tena kwa lugha ya kwetu, kwa ile sauti aliyokuwa akituitia sisi tukiwa wadogo. Kimya. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna majaribio tena. Nimemtoa baba yangu mwenyewe nyumbani, saa yake mbaya, nikamwambia ajifiche kabisa, na sasa sijui yuko wapi.

Betri ikaanza kulia. Nikasogeza kamera mara ya mwisho hadi kwenye kundi kubwa la wale weupe, na katikati yao nikamwona mmoja mweusi. Mweusi kabisa, kama shimo lenye umbo la mtu: kichwa, mabega, magoti yamekunjwa. Wenzake wote wana joto, yeye peke yake hana. Mashine haikumchorea kisanduku chochote.

Mimi ni mtu wa mazishi, najua kilichopoa ni nini. Nikaitupa rimoti chini nikakimbia. Nililia nikikimbia, sioni haya kusema, miiba ikanichana sketi na ngozi. Nyuma yangu mashine ilikuwa ikijirudia nyumbani peke yake kama ilivyoahidiwa, na sauti yake ilipokwisha nikasikia pumzi zangu tu.

Alikuwa amekaa katikati ya mawe, amefunga vifungo vyote vya koti. Macho yako wazi, ananitazama nikija. Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto, joto la kawaida la mkono wa baba. Ni lile koti tu, zito namna ile, lilikuwa limeficha mwili wake, na mawe yakamshinda kwa moto. Nikamfokea. Nikamuuliza kama hakunisikia nikimwita hadi sauti ikakauka.

Akasema alinisikia tangu mara ya kwanza.

"Sasa mbona huitiki, baba?"

"Nilitaka kuona kama itanipata."

Nikamwambia imempata. Niliongea haraka, nikifuta uso. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumpa kaka: kwamba nilimwona kwenye skrini, jambo ambalo ni kweli, kwamba mweusi au mweupe, kuonekana ni kuonekana, kwamba ni suala la kuzoea mashine. Nikamwambia baba asiwe na wasiwasi, atabaki kwake, hakuna mtu atakayemfungia mahali. Nilidhani hiyo ndiyo habari njema niliyomletea.

Akatazama mteremko, upande ule wa mawe. Kisha akavuta mkono wangu nikae karibu, akateremsha sauti kama anaogopa kusikika.

"Mama, mimi jioni naogopa sana," akasema. "Miguu inaondoka, nami naiona ikiondoka, na siwezi kuirudisha. Nikifika hapa nawasikia mkiniita, lakini sijui kama ni nyinyi au ni hawa." Akaonyesha mawe kwa kidevu. "Najua ndugu yako ana geti. Mmeongea juu ya hilo geti mwaka mzima, na hakuna aliyeniuliza."

Mimi mwenye mdomo, niliyewahoji watengenezaji wa droni neno kwa neno, nilitazama viatu vyangu. Giza lilikuwa limeshaingia, na mawe yote yalikuwa yametuzunguka, sasa hata mimi sikutaka kuyapa mgongo. Nikatoa simu nikampigia kaka. Hakunisalimia. Aliuliza tu, kwa sauti iliyomfikia hata baba, mashine imempata, au aje keshokutwa.

Nikampa baba simu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Njoo kesho," akamwambia. "Usingoje keshokutwa."