Kompyuta ya Mpofi Hulala Juu ya Mafiga

Kompyuta ya kituo cha afya cha Mpofi hulala jikoni, kwenye uchaga ulio juu ya mafiga, pale majirani wanapokaushia mahindi ya mbegu. Mdogo wangu Sifa, mwenye diploma mpya ya informatike, yaani elimu ya kompyuta, alipoiona alishika kichwa. Siku mbili baadaye tuliamini kwamba ameiua.

Tulitoka Goma Jumatatu alfajiri kwa pikipiki mbili. Sifa alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima akituma maombi ya kazi bila kujibiwa. Ndipo Mama Nyota wa kituo cha Mpofi, mwanamke wa kwanza kutumia kompyuta upande ule wa Walikale, alipotuma habari kwamba macho yake yanaingia ukungu na anatafuta msichana wa kumwachia kazi. Baba alikubali Sifa aende kuona, mradi mimi dada yake mkubwa, "yaya" kama anavyoniita, nimsindikize.

Saa tano tulikuwa Karuba, kwa Papa Bahati, mfugaji na rafiki wa baba. Tulikuwa tukinywa maziwa yake simu ya Sifa ilipolia. Kampuni moja ya Kinshasa ilikuwa imemkubali. Ilitaka jibu lake kabla ya Jumatano ya wiki inayofuata kwisha. Sifa aliruka, kikombe kikamwagika.

"Furaha iko muzuri, dada," Papa Bahati akasema, "lakini ngombe yangu haikukukosea kitu."

"Yaya, turudi?" Sifa aliniuliza.

Nilimkumbusha kwamba Mama Nyota anatungoja. Papa Bahati akatuonya kwamba mbele hatutapata mtandao wa kuaminika. Atakayetaka kujibu Kinshasa itambidi arudi hapa kilimani kwake. Tukaendelea.

Jumanne jioni, Kashebere. Nyasi za vilima vya Masisi zilikuwa zimeisha na msitu umeanza. Wanawake walipita na mizigo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Nilifua blauzi yangu nikaianika chini ya paa. Asubuhi niliivaa ikiwa bado mbichi, wala sikulifikiria jambo hilo zaidi.

Jumatano mchana tulifika Mpofi. Mama Nyota ni mwembamba, mwepesi wa kucheka, na husogeza uso karibu sana na kioo cha kompyuta. Hakusomea kazi hii popote. Alikuwa akiandika majina ya watoto kwenye daftari la chanjo. Mgeni mmoja alipoacha kompyuta mbili kituoni, akajifundisha mwenyewe. Alitengeneza orodha ambayo jina la mtoto hugeuka jekundu siku yake ya chanjo ikipita. Kila Jumatatu muuguzi huandika majina mekundu kwenye karatasi, kisha huwafuata watoto hao makwao kwa miguu.

"Mama, moshi utaiharibu," Sifa alisema. "Iko na nafasi kule biro."

"Njo pale ilikufia ile ya kwanza," Mama Nyota akajibu, "njo" ya kwao ikiwa ni "ndiyo". "Lakini weye njo ulisoma. Fanya."

Sifa aliihamishia ofisini, juu ya meza safi iliyotandikwa kitambaa. Mvua ilinyesha usiku ule na usiku uliofuata. Ijumaa asubuhi kioo kilikuwa na jasho kwa ndani, na kompyuta haikuwaka. Nikaikumbuka blauzi yangu ya Kashebere, iliyokataa kukauka chini ya paa. Sifa aliifungua, akaipangusa, akajaribu tena. Kimya. Majina yote ya watoto yalikuwa mle ndani, na Jumatatu ilikuwa inakaribia.

"Diploma yako ilisoma mvua ya wapi?" Mama Nyota alimuuliza. "Ya Goma?" Wauguzi walicheka. Sifa hakucheka.

Mama Nyota aliirudisha uchagani, mbali kidogo na ndimi za moto, imefunikwa kwa kitambaa kikavu. Alituonyesha unyoya wa kuku anaoutumia kusafisha masizi kila wiki. Siku mbili nzima Sifa alikaa jikoni akichochea moto mdogo, na hakuitaja Kinshasa hata mara moja. Jumapili baada ya ibada alibonyeza, ikawaka. Majina kumi na moja yalikuwa mekundu. Mama Nyota alimwomba ayasome kwa sauti, kwa kuwa yeye alikuwa haoni tena herufi ndogo.

Jumatatu niliondoka peke yangu. Sifa aliandika jibu lake kwenye simu yangu, nilitume nikifika Karuba. Alikubali kazi ya Kinshasa, ila aliomba miezi mitatu, amfundishe binti mmoja wa hapo kila anachokijua yeye na kila anachokijua Mama Nyota.

"Na wakikataa?" nilimuuliza.

"Yaya, tuma tu."

Jumatano mchana, kilimani Karuba, nilituma. Papa Bahati aliuliza msichana wa kumwaga maziwa yuko wapi. Nikamweleza.

Njia nzima nilikuwa nimedhani kwamba mwanamke anayetangulia ni yule anayekwenda mbali. Mama Nyota hakwenda popote. Alikaa palepale, akaanza kabla ya wengine.

Sasa ni wiki ya tatu tangu nilipotuma. Wasafiri wanaotoka Mpofi wanasema Sifa bado yuko jikoni kwa Mama Nyota, na kuna binti anayekaa kando yake. Kinshasa haijajibu.